Chupa Iliyofutika Jina

Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Turkana, Idara ya Afya ya Kaunti, KEMRI na watafiti wa vinasaba

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Lodwar. Kazi yangu ni ukalimani wa wodini. Daktari akisema Kiswahili au Kiingereza, mimi humgeuzia mgonjwa kwa Kiturkana. Mgonjwa akijibu, namrudishia daktari. Mara nyingine huitwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120, na huko Kiswahili chenyewe ndicho kazi, maana Mkongomani wa Fizi, Mrundi wa Makamba na muuguzi wa Kitale wote wanakisema na bado hawaelewani sawasawa. Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba kuna maneno yasiyokubali kutafsiriwa kwa haraka. Saratani ni mojawapo. Vinasaba ni lingine.

Nianze na chupa.

Nilimkuta mzee mmoja, mkimbizi wa Kivu ya Kusini, ameketi kwenye benchi la hospitali akiwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Alikuwa ameanza kwa kuacha ugali, akaacha wali, akabaki na uji, na siku hiyo hata mate yalikuwa hayashuki. Kopo lilikuwa la kutemea. Waliowahudumia wagonjwa wa saratani ya umio wanalijua kopo hilo. Alipitishiwa mpira wenye kamera hadi kifuani, daktari akakwangua kipande kidogo, kama punje ya mchele, akakitumbukiza kwenye chupa ya formalini. Juu ya chupa ikabandikwa plasta, na kwenye plasta jina likaandikwa kwa kalamu ya kawaida.

Mzee aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiki kipande kinaenda wapi, na mimi nitapata jibu lini?"

Nilimjibu nilivyoambiwa: kinaenda maabara, wiki mbili. Kilikaa siku nyingi kikingoja gari, kwenye chumba chenye joto letu mnalolijua. Kifuniko hakikukazwa vizuri. Formalini ikavuja, wino ukafutika, na chupa ilipofika ilikokwenda hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Ujumbe ukarudi kwamba mgonjwa akwanguliwe upya. Mzee hakuwa na nguvu ya kurudia, na hakumaliza mwezi. Hospitali siitaji, kwa sababu aliyeibandika plasta ile alikuwa muuguzi aliyekesha usiku mzima akihudumia wodi mbili peke yake, na kumtia aibu hakutamrudisha mzee.

Naileta habari hii kwenu kwa sababu Turkana imekuwa ikisifiwa sana duniani siku hizi kwa habari ya vinasaba, na sifa hiyo ni ya haki. Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa timu ya Julien Ayroles wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Amanda Lea wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Turkana Basin Institute. Walisoma jenomu nzima za watu 367, wakapitia tofauti zaidi ya milioni 7, wakakuta maeneo manane ya jenomu yenye dalili kwamba maisha ya ukame na ufugaji yameyachagua kizazi baada ya kizazi. Mojawapo ni jeni iitwayo STC1, inayohusika na jinsi figo inavyotunza maji. Watu wengi waliopimwa miili yao ilikuwa na upungufu wa maji kwa vipimo vya kawaida, na bado walikuwa wazima. Nilipowasomea wazee wawili habari hiyo, mmoja alisema hilo analijua tangu utotoni, ila amefurahi kwamba na wao wamelijua.

Kabla ya hapo, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa kando ya mto Nariokotome, na kikawa mwanzo wa mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yetu imefundisha dunia, na sasa damu yetu inafundisha. Lakini damu iliyosomwa ni ya watu wazima wa afya. Saratani zetu hazijasomwa. Saratani haisomwi kwenye damu ya mtu mzima wa afya, bali kwenye uvimbe wenyewe, na uvimbe wa mtu wa Turkana au wa Kakuma unaishia kwenye chupa kama ile.

Niruhusuni nieleze kama ninavyowaeleza wagonjwa, maana wengi wenu ni wafugaji au watoto wa wafugaji. Ndama huzaliwa na rangi yake. Rangi ameitoa kwa fahali na kwa mama yake, na naye ataipitisha. Kisha mwenye mali humkata sikio au humpiga chapa kwa chuma cha moto. Alama hiyo haendi nayo kwa uzao wake, ameipata maishani. DNA ya binadamu ina mambo hayo mawili. Kuna tuliyozaliwa nayo, na kuna majeraha ambayo seli moja moja huyapata kadiri mtu anavyoishi, anavyokula, anavyovuta, anavyozeeka. Saratani nyingi hutokana na hayo majeraha, yanapoangukia jeni zinazoongoza seli lini igawanyike na lini ife. Mzee akiisikia hivyo, swali lake linalofuata siku zote ni moja: basi nani aliyetia chapa?

Hilo ndilo swali ambalo utafiti mkubwa wa jenomu umelijibu vizuri kuliko njia yoyote iliyotangulia. Mchungaji akifika kisimani asubuhi hutazama chini. Atakwambia ngamia walipita usiku, mbuzi wakaja baadaye, na fisi alisimama pale pembeni. Hakumwona hata mmoja. Ameona nyayo. Moshi wa sigara una nyayo zake kwenye DNA ya mapafu. Jua lina zake kwenye ngozi. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004, ina zake kwenye ini. Ila uvimbe mmoja unaweza kuwa na maelfu ya mabadiliko, na mengi hayana maana yoyote. Nyayo hazitofautishwi kwa uvimbe mmoja wala kumi. Ndiyo sababu mwaka 2020 wanasayansi wa nchi nyingi walichapisha kwa pamoja usomaji wa jenomu 2,658 za saratani za aina 38. Wingi ndio uliowaonyesha lipi ni la bahati mbaya tu na lipi limeachwa na mkosaji.

Saratani ya aina iliyompata mzee wa kopo imesomwa hivyo. Bonde la Ufa letu, kutoka Ethiopia hadi Malawi, ni sehemu ya ukanda wenye saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na huku huwapata hata vijana wa miaka thelathini. Mwaka 2021 mradi uitwao Mutographs, ulioongozwa na Mike Stratton, ulichapisha matokeo ya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane. Kenya, Tanzania na Malawi zilikuwamo, na upande wetu kazi ilipitia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Walitarajia kwamba nchi zenye ugonjwa mwingi zitakuwa na nyayo za ziada, za kitu kinacholiwa au kunywewa huku na si kwingine. Hawakuzikuta. Pombe iliacha alama, tumbaku iliacha alama, lakini ule wingi wa ajabu wa ukanda wetu haukuwa na mshtakiwa aliyeandikwa kwenye DNA.

Mtu anaweza kusema basi fedha zimepotea. Mimi naona kinyume chake. Jibu hilo limewafungulia watafiti njia nyingine: huenda kinachotuumiza hakikwaruzi DNA moja kwa moja, bali kinaunguza umio na kuulazimisha ujijenge upya kila siku, hadi seli zilizokwisha kuharibika zikapata nafasi ya kuongezeka. Chai ya moto mno imo kwenye mashaka hayo. Tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeainisha vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani. Utafiti wa saratani ya umio uitwao ESCCAPE huko Eldoret umeona pia uhusiano na afya mbaya ya kinywa, pamoja na meno yaliyoharibiwa na floridi. Waheshimiwa, tabasamuni mtazamane. Maji ya Ziwa Turkana yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ni ya kwetu. Sisemi floridi ndiyo mkosaji, kwa kuwa uhusiano si ushahidi wa kosa. Nasema kwamba ikiwa kuna mahali ambapo swali hilo lingeulizwa vizuri, ni Kalokol na Lodwar, na haliwezi kuulizwa huku bila uvimbe uliokatwa, ukatunzwa, ukaandikwa jina lisilofutika.

Kuna jambo wataalamu wanalijua na viongozi wengi hawajaambiwa. Formalini inatunza umbo la seli, lakini inaumiza DNA. Kipande kikikaa humo kupita siku tatu, na zaidi kwenye joto, DNA hukatika vipande, na herufi zake nyingine hubadilika zenyewe. Msomaji wa jenomu akikisoma ataona mabadiliko ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Yaani ile chupa ya mzee, hata jina lingebaki, ingeweza kusema uongo. Kwa usomaji ulio bora kabisa kipande hugandishwa mara tu kinapotoka mwilini, na hilo linataka jokofu kali na umeme usiokatika. Utafiti mkubwa wa saratani, ule unaotangazwa kwa mashine za mamilioni ya dola, unaanzia kwenye kifuniko kilichokazwa, penseli isiyofutika, na gari linaloondoka siku hiyo hiyo.

Na tusidhani ni mambo ya watafiti peke yao. Tiba zenyewe sasa zinategemea kipande hicho. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilitengenezwa baada ya kujulikana ni jeni zipi mbili zimeungana kimakosa kwenye aina moja ya saratani ya damu, na watu waliokuwa wakifa kwa miaka michache leo wanazeeka. Kwa saratani ya titi kuna trastuzumabu, inayofaa tu kama uvimbe una protini ya HER2 kwa wingi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche, dozi iliyokuwa shilingi 120,000 ishuke hadi 40,000, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipe. Nililipokea tangazo hilo kwa shukrani ya kweli. Kisha nikawaza: mama wa Lokichoggio atajuaje kama uvimbe wake una HER2? Kipimo hicho hufanywa kwenye nyama iliyokatwa. Bila patholojia, yaani uchunguzi wa vipande hivyo maabarani, dawa iliyolipiwa na serikali inabaki haki ya wanaoishi karibu na maabara.

Tena kuna hatari ya kutibiwa kwa vipimo vya watu wengine. Dawa ya fluorourasili, inayotumika sana kwa saratani za njia ya chakula, huvunjwa mwilini na kimeng'enya kinachotokana na jeni ya DPYD. Mtu ambaye jeni yake hiyo ina hitilafu anaweza kuuawa na dozi ya kawaida. Tangu 2020 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wanapendekeza mgonjwa apimwe kwanza. Kipimo chao cha kawaida hutafuta mabadiliko manne, ambayo yalijulikana kwa kusoma Wazungu. Lipo badiliko jingine, Y186C, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na kipimo hicho hakilitafuti. Mgonjwa wetu anaweza kupimwa, akaambiwa yuko salama, na asiwe salama. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulisoma jenomu za Waafrika 426 tu kutoka makabila 50 na kukuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kwa hiyo kutosomwa kwetu ni hatari ya wodini, na inamgusa anayetundikiwa dripu leo.

Majirani wameonyesha kwamba inawezekana. Uganda, ambako Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, ilitoa uvimbe wa wanawake 118 wenye saratani ya mlango wa kizazi, 72 kati yao wakiishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yake mwaka 2020 yalionyesha kwamba aina ya kirusi cha HPV hubadilisha tabia ya uvimbe. Kampala imefanya hivyo kwa sababu ina Taasisi ya Saratani yenye historia tangu 1967. Sisi tunahesabiwa kwa makadirio. Takwimu za mwaka 2022 zinasema Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317, lakini rejesta za saratani zilizozoeleka kutegemewa ni za Nairobi na Eldoret. Mzee wa kopo hayumo kwenye rejesta hizo.

Huku kwetu kuna utata mwingine ambao Nairobi hawana. Turkana imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa hidatidi, ule uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, na shirika la afya la AMREF lilihangaika nao tangu zamani kwa mashine za kupiga picha ya tumbo na kwa upasuaji. Kwa hiyo tumbo likivimba, watu husema ni ule ule. Nimetafsiri sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: "Ngoja timu ya upasuaji ije." Mara nyingine kweli ni hidatidi. Mara nyingine ni ini lenye saratani, na miezi imepita.

Sasa nije kwenye ridhaa, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kwa mfugaji wa Loima na kwa mkimbizi wa Kakuma karatasi ya ridhaa ni ile ile, lakini haisomeki sawa. Mkimbizi amezoea kwamba kabla ya kuhamishiwa nchi ya tatu kuna uchunguzi wa afya, na damu hutolewa. Ukija na bomba la sindano na karatasi ya kutia sahihi, anauliza kimoyomoyo kama hii itaingia kwenye faili lake. Nimeulizwa hivyo kwa sauti ya chini, mtafiti akiwa ametoka kidogo. Mtu anayefikiri kwamba kukataa kutamharibia safari hajakubali kwa hiari, hata akitia sahihi kwa tabasamu. Msiwaache nje wakimbizi kwa sababu hiyo, kwani nao wanaugua na jenomu zao za Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi hazijulikani kama zetu. Waelezeni bila haraka, kwa lugha zao, mbele ya mtu asiyelipwa na mradi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaja taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Ni vyema, ila sheria hiyo iko Nairobi. Wasan wa Afrika Kusini walichoka kusomwa bila kuulizwa, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za utafiti, kwamba anayekuja kwao aje kwa heshima, ukweli, haki na kujali. Bunge la Kaunti linaweza kufanya hivyo hapa, likikaa na wazee chini ya miti yao na viongozi wa wakimbizi kule kambini. Wageni wetu wa utafiti wa 2025 walikaa chini ya miti hiyo na kusikiliza, na walijitahidi kuyarudisha matokeo kwa Kiturkana. Tusiache jambo jema hilo litegemee wema wa mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Naomba kupona huko kuandikwe kwenye mkataba.

Ninachoomba si kituo cha jenomu Lodwar. Naomba huduma ya patholojia isiyolala, yenye mtaalamu, mafundi wa maabara na gari la sampuli lenye siku na saa inayojulikana, kutoka Lokichoggio na Kakuma hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Eldoret kwa yale yasiyowezekana hapa. Mafundi hao wafundishwe hapa hapa, kwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, vipo. Naomba rejesta moja ya saratani inayomhesabu mwenyeji na mkimbizi kwenye daftari moja. Kwenu watafiti wa saratani mlioko Eldoret, Nairobi, Lyon na Cambridge, naomba mwongeze Turkana kwenye ramani ya tafiti zenu, na kila mradi ujao uache jokofu, fundi aliyefunzwa, nusu ya sampuli, na jibu la mgonjwa ambaye bado anaweza kulitumia.

Bajeti ya kaunti hupita mikononi mwenu kila mwaka, Waheshimiwa. Mara hii isomeni mkitafuta fungu la patholojia, na mkilikosa, liandikeni. Kisha jibu lenu kwa barua hii lisomwe hadharani, Lodwar na Kakuma, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Mkikosa mkalimani, nitakuja bila malipo.

Wenu,
Mkalimani wa wodini, Lodwar